Zamu ya Maji ya Mwalimu Shomari

Ijumaa, tarehe 31 Oktoba 1958, Mwalimu Shomari bin Athumani atastaafu baada ya kufundisha katika shule yetu kwa miaka thelathini na mmoja. Aliingia hapa mwaka 1927, kijana mwembamba wa Kijenge, kule mjini, mwenye kanzu iliyopigwa pasi na viatu ambavyo havikuwahi kuonja tope la mlimani. Anaondoka akiwa na mvi, miwani, na viatu ambavyo mkewe, Bibi Mwanamkuu, amekataa katakata visiingie sebuleni.

Kamati ya sherehe ilimwuliza, kama ilivyo desturi yetu, angependa kupewa zawadi gani. Walimu walikuwa wamekwisha kuitazama saa ya ukutani katika duka moja mjini. Mwalimu Shomari alishukuru, akasema kwamba saa anayo, na tena inakwenda mbele. Akaomba kitu kimoja tu: asubuhi moja kwenye lambo la mfereji, maji yakiwa yamejaa na kutulia, ili darasa la nane la mwaka huu lipate somo la mawimbi kabla yeye hajaiweka chaki chini.

Msomaji asiyeishi huku mlimani huenda asiuone uzito wa ombi hilo. Lambo lile si mali ya shule. Ni la wenye mashamba wa upande huu wa mto Themi. Usiku hujaa maji ya mfereji, na alfajiri hufunguliwa, kila mwenye zamu akayaongoza maji mpaka shambani kwake. Mwaka huu masika yalikuwa haba, na vuli bado haijaonekana. Tangu Agosti wazee wa mfereji wamekataza mtu yeyote kuyagusa maji hayo isipokuwa mwenye zamu. Wanafunzi wanapofika shuleni, lambo limekwisha kufunguliwa na chini limebaki tope. Kwa hiyo darasa la nane limejifunza mawimbi kwa kamba, kwa michoro ya ubaoni, na kwa maneno.

Mwalimu hakulalamika. Lakini wakati wa mapumziko tumemwona mara nyingi amesimama ukingoni mwa lambo tupu, mikono nyuma, kama mtu aliyekwenda kumjulia hali jamaa yake akakuta mlango umefungwa. Kila darasa la nane alilolifundisha tangu kabla ya vita lilisimama pale na kuyaona mawimbi kwa macho. Hakutaka darasa lake la mwisho liwe ndilo lililosimuliwa tu.

Alianza kazi kwa kufundisha hesabu na usafi wa mwili. Sayansi alipewa kwa sababu hakuna mwalimu mwingine aliyeitaka. Vifaa havikuwapo, kulikuwa na sumaku moja na kipimajoto kilichovunjika. Mwalimu akaamua kwamba nchi yenyewe itakuwa kabati la vifaa. Alitumia kamba ya katani, ngozi ya ngoma iliyonyunyiziwa ulezi, kipande cha reli ambacho ndicho kengele yetu hadi leo, na trei ya kioo aliyopewa na Bwana Rasik, mwenye duka la vitambaa mjini. Bwana Rasik alikuwa akipangia vifungo katika trei hiyo. Alipoona inatiwa maji na kuwekwa juu ya taa ili vivuli vya mawimbi vicheze darini, aliketi na wanafunzi mpaka mwisho wa kipindi, na dukani wateja wakamngoja.

Wengi wanaikumbuka habari ya bendera. Mkaguzi wa shule alifika siku moja bila kutangaza, akaikuta bendera ya serikali ikirukaruka mlingotini, na upepo hakuna. Chini alikuwapo Mwalimu Shomari akiitikisa kamba yake mbele ya darasa. Katikati ya kamba alikuwa amefunga kitambaa chekundu ili watoto waone kwamba mtikisiko unapanda mpaka juu, lakini kitambaa kinacheza pale pale kilipofungwa. Mkaguzi akauliza kwa ukali ni nani aliyeruhusu bendera ichezewe. Mwalimu akajibu kwa adabu zote, “Haichezewi, Bwana. Inapokea.” Mkaguzi akaomba kuishika kamba. Aliitikisa polepole, mawimbi yakawa marefu. Akaitikisa upesi, yakawa mafupi na kusongamana. Alipoondoka hakuandika neno juu ya bendera, ila baada ya muda shule ililetewa kamba yake yenyewe, na barua fupi iliyoomba itumiwe hiyo.

Somo la sauti lilikuwa na hatari zake. Mwalimu aliwapanga wanafunzi mstari mmoja, bega kwa bega, akamsukuma wa kwanza kidogo. Msukumo ukapita kutoka bega hadi bega, kila mmoja akiyumba na kurudi mahali pake, mpaka ukafika kwa wa mwisho, ambaye hakuwa na bega la kupokezana. Huyo alikaa juu ya maua ya mwalimu mkuu. Mwalimu alimwinua, akamkung'uta vumbi, akaliambia darasa kwamba hivyo ndivyo sauti yake inavyowafikia wao bila yeye kutoka alipo: hewa husukumana, kila sehemu ikarudi kwake, na habari ikaendelea. Maua yalipandwa upya na darasa zima.

Lakini jina lake katika mlima huu lilitokana na lambo, na halikuanza vizuri.

Mwaka 1939, katika ukame uliofanana na huu, Mwalimu aliwapeleka wanafunzi wake kwenye lambo kabla halijafunguliwa. Alikuwa mtu wa mjini. Hakujua kwamba maji ya mfereji hayaguswi bila kuwaambia wenyewe. Lambo lina milango miwili ya mbao: wa mashariki hupeleka maji upande wa Bwana Lemayian, na wa magharibi upande wa Bibi Nkasiogi, ambaye wakati huo alikuwa mjane wa mwaka mmoja, mwenye watoto wanne na shamba la maharagwe. Mwalimu alisimama upande wa magharibi, akayapiga maji kwa ubao mpana. Mawimbi yakaondoka yakielekea mashariki, kwa Bwana Lemayian. Alifanya hivyo asubuhi kadhaa, naye akifurahi sana.

Juma lile lile Bibi Nkasiogi akapata maji pungufu. Hesabu ikawa rahisi kwake. Aliyaona kwa macho yake maji yakisukumwa kutoka kwake kwenda kwa jirani, na watu walijua kwamba Bwana Lemayian humletea mwalimu kibuyu cha maziwa. Alimwondoa shuleni binti yake Tabea siku hiyo hiyo, akasema kwamba hatamsomesha mtoto kwa mtu anayeiba maji mbele ya jua. Kisha akawaita wazee wa mfereji. Alitaka Mswahili huyo aondoke mlimani, na wazee wengi walikubaliana naye.

Mwalimu aliitwa mbele yao, ukingoni mwa lambo. Alieleza kwamba wimbi hupita juu ya maji lakini haliyachukui. Hakuna aliyemwamini, na haki ilikuwa yao, kwa maana jambo hilo haliaminiki kwa kuambiwa. Basi akatoa gunzi la mahindi mfukoni, akalitupa katikati ya lambo. Aliwaambia watazame: mawimbi yatapita, gunzi litapanda na kushuka, na litabaki mahali pake. Akapiga maji.

Upepo wa mlimani ukavuma wakati ule ule. Gunzi likapanda, likashuka, na taratibu, mbele ya wazee wote, likaelea moja kwa moja mpaka mlango wa Bwana Lemayian.

Kicheko kilichofuata kilisikika shuleni. Mzee Lekishon, mkuu wa mfereji, alisema, “Mswahili, gunzi lako linaijua njia.” Bibi Nkasiogi hakucheka. Alisema, “Hata gunzi limehongwa maziwa.”

Mtu mwingine angebishana. Mwalimu Shomari alisema, “Kweli, limekwenda. Nimeliona.” Akaeleza kwamba lililolipeleka ni upepo, lakini akakiri kwamba siku hiyo hana njia ya kuwaonyesha tofauti, na hatawaomba waamini wasichokiona. Akaomba asubuhi nyingine isiyo na upepo. Wazee walinong'onezana kwa muda mrefu. Mzee Lekishon alisimulia baadaye kwamba hawakumpa asubuhi hiyo kwa sababu ya elimu yake. Walimpa kwa sababu alikuwa ameshindwa mbele ya watu na hakusema uongo.

Asubuhi ya pili ilikuwa shwari. Kilele cha Meru kilionekana chote, na kikaonekana tena ndani ya maji. Mwalimu hakuushika ubao. Alimkabidhi Bibi Nkasiogi, akamwomba apige mwenyewe. Alipiga kwa hasira ya juma zima, hata Mzee Lekishon akalowa mpaka kiunoni, akamwambia, “Mama, tunapima maji, hatuui nyoka.” Mawimbi yakaenda mashariki. Magunzi yaliyotupwa yakapanda na kushuka, yakapanda na kushuka, na maji yalipotulia yalikuwa pale pale yalipokuwa.

Bibi Nkasiogi hakuridhika. Alilizunguka lambo na ubao wake mpaka upande wa Bwana Lemayian, akageuka kuelekea mlango wake mwenyewe, akapiga ili ayarudishe maji yake nyumbani. Aliyaita mawimbi kwa Kimaa kama mtu anavyoita ng'ombe. Yakaenda, yakaugusa mlango wake, yakageuka yakarudi. Akapiga tena, yakaenda, yakagusa, yakarudi. Magunzi hayakuondoka. Hapo akauweka ubao chini, akasema neno ambalo Mwalimu amelirudia darasani kila mwaka tangu siku ile: “Yanakuja kunisalimu tu. Hayaleti kitu.”

Mwalimu alimwambia kwa upole, akimwita mama kwa Kimaa, “Yanaleta, Yeyo. Hayaleti maji, lakini hayaji mikono mitupu.” Akamwomba aweke kiganja chake juu ya mlango wa mbao, upande wake. Mwalimu akaenda ng'ambo akapiga maji. Wimbi lilivuka lambo, likabisha chini ya kiganja chake. Likaja la pili, likabisha tena. Nguvu ya mkono wa mtu aliyesimama mbali ilikuwa imevuka maji yote yale, na hakuna tone lililohama kwake. Bibi Nkasiogi aliuacha mkono wake pale baada ya somo kwisha, mpaka mlango uliponyamaza kabisa. Hakuna aliyemharakisha.

Kisha akauliza, kama ilivyompasa, basi maji yangu yanakwenda wapi. Kwa kuwa mwizi wa kwanza alikuwa ameondolewa shaka, wazee walilazimika kumtafuta wa pili. Mzee Lekishon aliutembea ukingo wote bila viatu, na karibu na mlango wa magharibi mguu wake ukazama. Fuko alikuwa amechimba shimo chini ya ukingo, na maji yalikuwa yakivuja usiku kucha kuelekea porini. Lilizibwa siku hiyo. Jumatatu Tabea alikuwa darasani, amekaa mbele.

Hata hivyo wazee hawakumwacha Mwalimu bila adhabu, na hilo nalo lilikuwa haki. Alikuwa amegusa maji bila kuuliza. Faini ya desturi ni pombe ya asali. Kwa kuwa Mwalimu ni Mwislamu na hapiki pombe, walikubali asali yenyewe, wakaipika wao. Tangu mwaka ule, kabla ya somo la mawimbi, wanafunzi wa darasa la nane hupeleka kopo la asali kwa mkuu wa mfereji na kuomba ruhusa kwa maneno mazuri. Somo huanza hapo, alikuwa akisema Mwalimu, wala si penye maji.

Kwa miaka hiyo yote lambo lilikuwa darasa lake bora. Hapo wanafunzi walijifunza kuupima urefu wa wimbi kutoka kilele hadi kilele, na kuona kwamba wimbi kubwa na wimbi dogo huvuka lambo kwa mwendo ulio karibu sawa. Hapo waliona wimbi likipenya katika nafasi nyembamba kati ya mbao mbili, kisha likijikunjua upande wa pili kama mkeka. Somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa la mwisho. Wanafunzi wawili walipiga maji kutoka pembe mbili. Mawimbi yakakutana katikati: mahali pengine yakainuana, mahali pengine yakafutana hata maji yakawa kama hayajaguswa. Kisha kila wimbi likatoka upande wa pili likiwa na umbo lake lile lile, likaendelea na safari yake. Mwalimu aliwaacha walitazame jambo hilo kimya. Aliamini kwamba si kila kitu kilichoonekana vizuri kinahitaji kuelezwa.

Bibi Nkasiogi aliendelea kuwa mwanafunzi wake mgumu. Alipita mara kwa mara na jembe begani, akasimama kutazama. Mwaka mmoja alimwambia mbele ya darasa kwamba yeye bado anaona gunzi linasogea kidogo, hata pasipo upepo. Darasa lilicheka. Mwalimu alilinyamazisha, akawaambia kwamba Yeyo ameona sawasawa: husogea kidogo, kidogo sana, na asiyeliona hilo hajatazama. Bibi Nkasiogi aliondoka ameinua kichwa.

Sasa turudi kwenye ombi. Kamati ilituma watu wawili kwa Mzee Lekishon, ambaye siku hizi hatembei bila fimbo lakini bado ndiye mwenye neno la mwisho juu ya mfereji. Alisikiliza, akahesabu kwa vidole, akasema kwamba maji ya Ijumaa hiyo yana mwenyewe, na yeye hawezi kuyagawa. Zamu ni ya Bibi Nkasiogi.

Tulikwenda kwake tukiwa na mashaka. Maharagwe yake yametoa maua, na kila mkulima anajua kwamba maua ya maharagwe hayasamehe kiu. Zamu iliyopita hairudi mpaka wote wamalize. Alitukaribisha, akauliza, “Yule mkaidi wa magunzi bado hajachoka kuyapiga maji?” Tukamwambia kwamba anastaafu. Akauliza tungempa nini, tukataja saa ya ukutani. Alitutazama kwa huruma. “Mtu anaacha kazi, mnampa saa. Aamke kwenda wapi?” Kisha alitupa maziwa, akazungumza habari za mvua, wala hakutaja maji tena. Tulirudi bila jibu, na tukamwarifu Mwalimu hivyo. Alisema kwamba tusimsumbue mama wa watu, maharagwe yana haki ya kwanza.

Jibu lililetwa na Tabea, ambaye sasa ni Mwalimu Tabea wa darasa la tano, na ambaye kuanzia mwezi ujao atalichukua somo la sayansi. Katika mkutano wa zamu, Mzee Lekishon alikuwa akiyataja majina ya wenye maji kama kawaida. Alipofika Ijumaa alilitaja jina la mtu asiye na shamba mlimani, asiye na hata shina moja la mgomba katika upande wote huu: Shomari bin Athumani. Bibi Nkasiogi alikuwa ameikabidhi zamu yake. Hakuiazimisha, aliitoa. Lambo litajaa usiku wa kuamkia Ijumaa, na halitafunguliwa mpaka Mwalimu mwenyewe aseme limefunguliwa. Maji yatakayobaki yatakwenda kwenye maharagwe, yachelewe au yasichelewe.

Ametoa masharti mawili. Asali ipelekwe kama kawaida. Na wa kwanza kupiga maji atakuwa yeye, kwa ubao wake.

Tulipompa Mwalimu habari hiyo, alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa kanzu, akaivaa, akaivua tena. Kisha akauliza kama magunzi yapo ya kutosha.

Kwa hiyo sherehe itaanzia kwenye lambo, asubuhi mapema, ili Mwalimu awahi sala ya Ijumaa mjini. Wageni wanaombwa wasimame nyuma ya wanafunzi, wasitupe kitu majini, na wenye viatu vizuri waviache nyumbani. Bibi Mwanamkuu atahudhuria. Ameahidi kwamba, kwa siku hiyo moja, viatu vya mumewe vitaingia sebuleni kama vilivyo.

Mwalimu Shomari, shule inakushukuru kwa uvumilivu wako, kwa ukweli wako ulioutunza hata ulipokuaibisha, na kwa kila kiganja ulichokiweka mahali pa kusikia. Uende Kijenge ukapumzike kwa afya na amani, wewe na mama wa nyumbani kwako, na milango yetu uje uibishe wakati wowote.

Lakini kwanza uje Ijumaa. Zamu ni yako, Mwalimu. Maji yametulia, yanakungoja.